Siku Moja ya Kazi Oldupai, Kiangazi Kikiwa Kimekolea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ninaelekea kazini, makumbusho ya Oldupai, korongo la kaskazini mwa Tanzania lenye mabaki ya watu wa kale. Ni Septemba, nyumbu wamekwisha kuhamia kaskazini mwa Serengeti na nyasi za tambarare zimekauka, hivyo mgeni wa leo ataiona nchi katika majira yaliyowasumbua zaidi watu wa kale.

Saa mbili. Wageni wa kwanza wanaulizia fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu aliyekwisha kutoweka, alilolivumbua mtafiti Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Magego yake mapana yalidhaniwa kuwa ya kuvunjia kokwa ngumu, lakini uchunguzi wa kemikali ya meno ya jamii yake umeonyesha kwamba ilikula zaidi mimea ya aina ya nyasi na ndago.

Saa nne. Tunashuka korongoni, mahali lilipopatikana fuvu hilo, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Miaka milioni 1.8 iliyopita palikuwa na ziwa la magadi lililojaa na kupungua, na karibu yake chemchemi za maji baridi. Mifupa ya swala iliyofukuliwa hapa ina alama za zana za mawe, na mingi ilipondwa ili kutoa uboho. Ninawapa wageni nakala ya mfupa waipapase: jiwe kali limeacha mfuo mwembamba wenye kina, ilhali jino la fisi huacha mfuo mpana wa mviringo. Mnyama anapokonda kwa ukame, mafuta ya mgongoni huisha mapema na ya uboho huchelewa kuisha. Na kwa kuwa binadamu hawezi kuishi kwa nyama isiyo na mafuta peke yake, ninaamini mfupa ulikuwa na thamani kuliko mnofu.

Saa saba. Ugali na maharage ya msimu uliopita. Watu wa kale hawakuwa na ghala.

Saa tisa. Mwanafunzi wa sekondari anauliza watu wa kale walikula nini wanyama walipoadimika. Ninamweleza kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula cha porini, ambao wanawake wao huchimba viazi mwitu mwaka mzima, asali huwa nyingi zaidi majira ya mvua, na mwishoni mwa kiangazi wawindaji huvizia wanyama kwenye maji yaliyosalia. (Wahadzabe ni watu wa leo, si masalia, huwa ninakerwa wanapooneshwa hivyo.) Kiazi huoza na mfupa hudumu, ndiyo maana makabati yetu humfanya mtu wa kale aonekane mla nyama tu.

Saa kumi na moja. Mgeni wa mwisho anataka jibu fupi: chakula chao kilikuwa nini? Ninamuuliza kama anataka cha Machi au cha Septemba.