Nilivyochagua springi na shokapu za Golf yangu ya kwanza

Kabla ya kununua chochote mimi na fundi wangu tulifunga kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye rodi ya shokapu ya mbele. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake unakata usukani hadi mwisho ili mkono ufike, unapandisha kifuniko cha vumbi, unaizungushia rodi kamba na kuikaza kiasi cha kushika bila kuteleza yenyewe, kisha unaisukuma chini hadi igote kwenye mwili wa shokapu. Ukiendesha, kila shokapu inapobonyea, mwili wake unapanda na kuisukuma kamba. Mwili ukishuka tena, kamba inabaki pale ilipofikishwa. Ukirudi unapima kwa rula.

Gari lilikuwa Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, injini ya petroli ya lita 1.6. Kutoka usawa wa kusimama hadi kuanza kugusa raba ya kugotea, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho wa njia yake, nilikuwa na milimita 55. Kwenye barabara yangu ya kila siku, yenye mashimo ya kawaida, kamba ilikuwa imepanda 40.

Namba hizo mbili ndizo zilizoamua. Springi nilizokuwa nazitazama zilikuwa za kushusha milimita 30, 40 au 60. Springi fupi ikikaa juu ya shokapu ya urefu wa kiwandani, kila milimita unayoshusha unaikata kwenye nafasi ya kubonyea. Ukishusha 30, zile 55 zinabaki 25, wakati barabara yangu ilikuwa ikitumia 40. Ukishusha 60, gari linaikalia raba hata likiwa limeegeshwa, na hapo kinachokubeba si springi tena bali ni kipande cha raba.

"Shokapu kwanza, kijana," fundi aliniambia. "Springi utaipata tu."

Alikuwa na hoja. Springi za kushusha hutengenezwa ngumu kuliko za kiwandani kwa sababu hiyohiyo ya nafasi: njia imefupika, kwa hiyo nguvu ya kuzuia lazima ije mapema. Ugumu hutajwa kwa niutoni kwa milimita, au kilo kwa milimita, na kilo 1 ni karibu niutoni 9.8. Unatokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene ndio wenye nguvu kuliko vyote, maana kwenye hesabu unaingia kwa kipeo cha nne: waya wa milimita 12 ukifanywa 13, mengine yakibaki vilevile, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 38. Mizunguko nayo ikipungua, springi inakuwa ngumu. Ndiyo maana anayekata springi ya kiwandani kwa grainda hupata gari lililoshuka na kukakamaa kidogo, akadhani amemaliza kazi. Ila ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na gari likinyanyuka springi inaweza kuchomoka mahali pake. Kuipasha moto ili ilale ni kubaya zaidi. Chuma kinapoteza ukakamavu kiliopewa kiwandani na springi inaendelea kulala kidogokidogo.

Sasa shokapu. Kazi yake si kubeba gari, ni kutuliza springi. Springi ikiongezeka ugumu kwa asilimia 30, shokapu inahitaji karibu asilimia 14 zaidi ya nguvu ili gari litulie kama lilivyokuwa likitulia, kwa kuwa mahitaji hayo hufuata kipeuo cha pili cha ugumu. Shokapu mpya ya kawaida inaweza kuvumilia tofauti hiyo. Iliyochoka haiwezi, na zangu za nyuma zilikuwa na ukungu wa mafuta kuanzia kwenye sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, hadi katikati ya mwili. Linaloonekana kwanza ni kule kurudi: springi ngumu inarudi kwa kishindo, shokapu inashindwa kuishika, na kila baada ya tuta gari linaruka mara mbili tatu kabla ya kutulia.

Urefu ni jambo la pili, na wengi hulipita. Shokapu fupi ina mwili na mwendo uliopunguzwa ili usawa mpya wa gari uangukie tena karibu na katikati ya mwendo wake. Kwa mfano, kampuni ya Bilstein huuza shokapu ya B6 kwa magari yenye usawa wa kiwandani na B8 iliyofupishwa kwa yaliyoshushwa. Anayenunua B6 akaiwekea springi fupi amelipia ubora na kubaki na tatizo la nafasi. Shokapu fupi pia huzuia gurudumu lisining'inie mno. Gari likiwa juu ya stendi, shika springi kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, ni fupi mno kwa shokapu hiyo, na siku gurudumu likining'inia kwenye shimo itahama kwenye kiti.

Kuna shokapu za tyubu mbili na za tyubu moja. Ya tyubu moja ina gesi yenye shinikizo kubwa iliyotenganishwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, kwa hiyo mafuta hayatoi povu yakipata moto, lakini mwili wake ukibonyezwa na jiwe pistoni inakwama. Ya tyubu mbili ina shinikizo dogo, inavumilia vipigo, na kwenye vituta vidogo kwa kawaida ni laini zaidi. Kwa gari la safari za kila siku nilichukua tyubu mbili zenye gesi, zilizofupishwa, pamoja na springi za 30. Naamini hadi leo kwamba za tyubu moja, kwa mtu anayebadilisha kwa mara ya kwanza, mara nyingi ni sifa tu.

Kilichonitoa kabisa kwenye 60 hakikuwa raba peke yake. Mbele, Golf hii ina mkono mmoja wa chini kila upande, na shokapu ndiyo inayoshikilia juu. Mkono huo ukiwa karibu mlalo, sehemu ambayo bodi huegemea kwenye kona iko mahali pazuri. Ukilishusha gari sana, mkono unaelekea juu upande wa gurudumu, na sehemu hiyo inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari. Umbali kati ya viwili hivyo ukiongezeka, wenzo unaolilaza gari kwenye kona unaongezeka pia. Unaweza basi kuwa na gari lililo chini zaidi na linaloegemea zaidi, ukalazimika kuongeza ugumu ili tu kurudi ulikotoka. Tairodi, zile fito za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zikipinda pembe, gari likikanyaga tuta kwa gurudumu moja usukani unavuta wenyewe.

Jambo la mwisho dukani lilikuwa uzito. Springi za Golf hii hupangwa kwa uzito wa ekseli ya mbele, na injini ya dizeli ni nzito kuliko 1.6 ya petroli. Springi za dizeli zingeniacha mbele juu, nyuma chini. Kibandiko cha uzito kipo kwenye gari lenyewe. Kisome, halafu linganisha na karatasi ya springi.

Pamoja na springi na shokapu nilinunua maunti za juu za mbele, yaani vishikio vya shokapu kwenye bodi, na beringi zake, raba mpya za kugotea na vifuniko vya vumbi, pamoja na bolti na nati zile ambazo kiwanda kinataka zitumike mara moja tu. Beringi ya zamani ukiirudisha, utabomoa kila kitu tena kwa sababu ya mlio wa kukata usukani.

Kazi tulianza mbele. Juu ya shokapu, chini ya boneti, kuna nati moja inayoshika rodi. Rodi inashikiliwa kwa ufunguo wa L huku nati ikilegezwa kwa spana, kamwe si kwa mashine ya kugonga, kwa sababu inaizungusha rodi kwa kasi na kuumiza sili. Wala usiishike rodi kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu unakata sili kila inapopita, na shokapu mpya inavuja mapema. Chini, shokapu imeingia ndani ya nako, kile chuma kinachoshika gurudumu, kwa kubanwa, kwa hiyo unatoa bolti, unaweka kifaa cha kupanulia kwenye ule mwanya na kukizungusha robo mzunguko ndipo itoke. Ili nako ishuke vya kutosha tulifungua bolti tatu za bol jointi, kiungio cha mviringo kinachounganisha nako na mkono, kwenye mkono wa chini. Matundu yake ni marefu na yanabadilisha mlalo wa gurudumu, yaani kuinamia kwake ndani au nje, kwa hiyo fundi alichora mstari wa rangi kuzunguka kabla ya kugusa. Kisha tuliifunga nako kwa waya isije ikavuta mpira wa breki au kuchomoa jointi ya ndani ya shafti inayozungusha gurudumu.

Springi ya zamani ilitolewa kwa vibanio viwili vilivyowekwa mkabala, kila kimoja kikizungushwa kidogo kwa zamu. Kimoja kikitangulia, springi inapinda na kibanio kinateleza, na nguvu iliyomo inatosha kuvunja taya. Usisimame mbele ya ncha zake. Springi mpya iliingia ikiwa imebanwa kidogo tu; maandishi yakisomeka bila kupinduka, ncha ya chini ikiwa imegota kwenye kituo cha kiti. Kabla ya hapo kila shokapu ilisimamishwa wima na kubonyezwa hadi mwisho mara kadhaa, ili gesi iliyoingia kwenye tyubu ya ndani wakati wa kulala kwenye boksi itoke.

Nyuma ni rahisi. Springi na shokapu zimetengana. Ukitoa bolti za chini za shokapu na kushusha ekseli kwa jeki, springi inatoka kwa mkono. Angalia mipira ya breki isibebe uzito.

Bolti zote zinazopita kwenye bushi, vile viungio vya raba, tulizikaza gari likiwa chini, matairi yakiwa yamebeba uzito. Hata zile kubwa za ekseli ya nyuma tulizilegeza kwanza na kuzikaza upya. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, kwa hiyo ukikaza gurudumu likining'inia, inabaki imejisokota muda wote na inachanika mapema.

Nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, kabla na baada. Mbele ilishuka 26 siku ya kwanza, ikatulia kwenye 31. Nyuma ilitulia 28. Ndipo gari likaenda kwenye alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, maana ukiwahi kabla springi hazijalala, unapima gari ambalo bado litabadilika. Kilichokuwa kimehama zaidi ni kutazamana kwa matairi ya mbele, yaani ncha zake kuelekea ndani au nje, na hicho hula tairi haraka kuliko mlalo wake. Taa za mbele nazo zilirekebishwa. Mwisho fundi aliingia chini kuangalia mwanya kati ya stabilaiza, ile fito inayozuia gari lisilale kwenye kona, na shafti ya kulia, ambao kwenye Golf zilizoshushwa sana huisha kabisa hadi chuma kikasuguana. Kidole kilipita.