Vema mbili za bluu

Ukibonyeza ujumbe ulioutuma kwenye kundi la WhatsApp na kuushikilia, kisha ukafungua taarifa zake, simu inakuonyesha waliousoma na waliofikiwa nao bila kuusoma. Kila jina na saa yake. Mwezi wa sita mwaka jana nilifanya hivyo usiku, nimekaa kitandani kwangu Mbagala, na jina la Mama Mkubwa lilikuwa kwa waliosoma: saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Ilikuwa siku ya tatu. Kwenye orodha ya mchango jina lake lilikuwa la mwisho, na mbele yake palikuwa na kistari tu.

Mchango ulikuwa wa Mjomba. Aliteleza bafuni kwake Pangani akavunjika nyonga, akapelekwa Tanga mjini kwa upasuaji. Mimi ndiye mweka hazina wa ukoo, kwa hiyo pesa zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu. Kila aliyetuma nilimwandikia kiasi chake, nikanakili orodha nzima, nikaibandika upya kundini ili wote waone. Hamsini elfu, ishirini elfu, mia moja elfu. Wadogo zangu wasio na kazi walituma elfu tano tano. Na Mama Mkubwa, dada yake Mjomba wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni, alikuwa anasoma na kunyamaza.

Nikaandika: "Wengine tunasoma kisha tunanyamaza. Mungu anatuona." Sikutaja jina, na hapakuwa na haja ya kulitaja. Orodha ilikuwa hapo juu na kistari kilikuwa kimoja. Ndani ya dakika chache watu wakaanza kuunga mkono. Kweli kabisa. Umesema. Ndiyo maana ukoo hauendelei. Nililala nikijiona nimetenda haki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alama ile ya tiki, watoto wangu wanaiita vema. "Mwalimu, mimi nimepata vema ngapi?" Wanazihesabu mpaka nyumbani, na mtoto aliyepata vema kumi anatembea tofauti na siku nyingine, nimeshawaona. Hata kwenye karatasi ya kura tunaambiwa tuweke alama ya vema mbele ya tunayemtaka. Maisha yangu yote alama hiyo imekuwa ya kukubali. Halafu ikaja kwenye simu, zikawa mbili, zikageuka bluu, na leo ni ushahidi wa kumshitakia mtu: umesoma, usikatae, saa yenyewe hii hapa.

WhatsApp walianza kuzionyesha Novemba 2014. Watu wengi walilalamika, na haukupita muda wakaweka njia ya kuzizima. Binti yangu amezizima, na wenzake wengi wamezizima, na hilo nalo lina hukumu yake, maana aliyezizima anaulizwa anaficha nini. Lakini kwenye makundi hazizimiki hata ukitaka. Na ujumbe wa sauti ukiusikiliza, aliyeutuma atajua.

Nikiwa sekondari nilisoma bweni, milimani Lushoto, miaka ya tisini. Mama Mkubwa alikuwa ananiandikia barua. Yeye alijifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo, ile miaka ya Mwalimu Nyerere, baada ya 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kusoma alijua, ila kuandika kulimchosha mkono, kwa hiyo alikuwa anamwambia mtoto wa jirani maneno, naye anaandika. Barua zote zilianza vilevile: ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Kisha habari za nyumbani, na mwisho kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe mkubwa uliopinda, jina lake.

Barua ilikuwa inachukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Nisipopata jibu nilikuwa na sababu tele za kumtetea. Labda haijafika. Labda imefika lakini mwandishi wake amesafiri. Labda hana hela ya stempu. Labda imekaa kwenye sanduku la shule na aliyepewa ufunguo anaumwa. Nilikaa mwezi mzima bila neno kutoka kwake na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba hanipendi. Kimya cha wakati ule kilikuwa na wakili wake. Umbali, posta, mvua, umaskini, vyote vilisimama kumtetea aliyenyamaza. Tiki za bluu zimemfukuza yule wakili. Amebaki mshitakiwa peke yake, na saa iliyoandikwa pembeni ya jina lake.

Hata enzi za kubipu hatukufika huku. Mwaka 2004 nilikuwa chuo cha ualimu, vocha ya kukwangua ilikuwa kitu cha kuhesabia siku. Tulikuwa na makubaliano yetu: kubipu mara moja nimefika salama, mara mbili nipigie. Aliyebipu sana alisemwa kuwa bahili, hilo lipo. Lakini ukibipu usipigiwe, ulisema hana salio, ukalala.

Siku ya tano Mama Mkubwa alinipigia mwenyewe. Nilimsalimu shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya chini, halafu akanyamaza kidogo. Nilidhani amepata habari za ujumbe wangu na anataka kuomba radhi. Nilishajiandaa kumsamehe.

"Siku nne mwanangu," akasema. "Mdogo wangu yuko hospitali siku nne, nyote mwajua, mie naja kuambiwa na mtu wa Pangani aliyekuja kununua machungwa."

Nikamwambia, "Lakini Mama, tuliandika kwenye kundi."

"Kundi ni nani?"

Sikuwa na jibu.

"Nakuuliza. Huyo kundi ni nani? Alikuja kwangu akabisha hodi? Nilimkaribisha ndani? Mtu ameanguka, amevunjika, na katika nyinyi wote niliowalea hakuna hata mmoja wa kuniinulia simu akaniambia, Mama, kaa kitako nikwambie."

Simu yake anayo mjukuu wake wa miaka sita kila jioni. Mtoto anafungua kila panapowaka alama ya ujumbe mpya, anatafuta picha na video, anapita. Zile tiki zilikuwa zake. Mama Mkubwa mwenyewe anajua kupokea, kupiga kwa watu wanne waliowekewa picha zao, na kusikiliza sauti akibonyezewa. Herufi za kwenye simu hazioni. Nilikuwa najua. Mimi ndiye niliyempeleka kupima macho mwaka juzi, na miwani ile ilivunjika kabla ya Ramadhani. Nilijua yote hayo na bado saa mbili na dakika kumi na nne ilikuwa na nguvu kwangu kuliko macho yake ninayoyajua.

Kitu ambacho kimenikaa zaidi ni kwamba naye alikuwa ametuhukumu. Siku nzima, tangu mnunuzi wa machungwa alipomwambia, alijua moyoni kwamba tumemficha kwa makusudi, kwamba ameshakuwa mzee wa kupitwa, habari za nduguye zinazungumzwa juu ya kichwa chake. Kesho yake alfajiri alipanda gari la Muheza kwenda Tanga peke yake, akakaa pembeni ya kitanda cha Mjomba mpaka wageni walipotolewa wodini, na alichokuwa nacho akamtia mkononi. Ndivyo anavyojua kutoa. Hakikuingia kwenye orodha yangu kwa sababu orodha yangu haina pa kuandika mkono kwa mkono. Kwa hiyo mimi Mbagala nilikuwa na kesi dhidi yake, yeye Muheza alikuwa na kesi dhidi yangu, na kesi zote mbili zilikuwa na ushahidi. Mimi nilikuwa na tiki. Yeye alikuwa na simu iliyokaa siku nne bila kuita.

Nilirudi kundini kuufuta ujumbe wangu. Kufuta kwa wote kuna muda wake, siku mbili na kitu, na zangu zilikuwa zimeshapita. Bado upo mpaka leo. Niliandika mwingine chini yake, nikaeleza yaliyotokea kwa jina langu, nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomhukumu mbele yao. Watu waliitikia kwa alama za mikono iliyokunjwa. Yule aliyesema ndiyo maana ukoo hauendelei hakusema kitu. Nilianza kumwonea hasira kwa kunyamaza kwake, kisha nikajizuia.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu wakati huo, na sikubaliani na wanaosema simu zimetuharibu tabia. Mjomba alifanyiwa upasuaji siku ya sita, na pesa zilikusanyika kutoka Dar, Arusha, Mombasa na Muscat kwa sababu ya kundi lile lile. Enzi za barua tungekuwa bado tunatafuta bahasha. Ninachokiona ni kwamba ndani ya ukoo mmoja tunaishi na adabu tatu au nne za mawasiliano, na kila mmoja anaihukumu ya mwenzake kana kwamba adabu ni moja. Binti yangu ana miaka kumi na saba. Kwake, kumpigia mtu bila kumtumia ujumbe kwanza ni kumvamia. Anaiangalia simu inavyoita mpaka ikate, halafu anaandika, "Kuna nini?" Kwa Mama Mkubwa, kumwandikia mtu jambo zito bila kumpigia ni kumdharau. Nilipowasikiliza kila mmoja kwa wakati wake, walitumia neno lile lile: hana heshima. Mimi niko katikati yao, na ujumbe wangu wa kundi ulianza "Habari za jioni wanandugu," salamu ya watu thelathini na wanane kwa mpigo, ambayo hakuna anayeweza kuiitikia marahaba.

Sasa kabla sijabandika orodha yoyote, nakaa chini na daftari. Wazee wetu ni saba. Nawapigia mmoja mmoja, nasalimia mpaka salamu ziishe, naulizwa watoto, naulizwa mvua, ndipo naeleza. Inanichukua jioni mbili. Orodha yenyewe haina tena vistari, anayetuma anaandikwa na asiyetuma hayumo.

Mwezi uliofuata Mama Mkubwa aliniletea mzigo kwa basi. Nilikwenda kuuchukua stendi ya Mbezi, kiroba cha machungwa kimefungwa kwa kamba ya katani, na ndani, juu ya machungwa, mfuko mweusi uliofungwa fundo mbili. Nilipofika nyumbani nikaufungua. Doti ya kanga, mpya, bado inanukia duka. Pindo jekundu, mji wa manjano wenye maua meusi. Niliikunjua kitandani nikasoma jina lake: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Mwenye macho yasiyoona herufi za simu anasoma jina la kanga akiwa ng'ambo ya barabara, maana limeandikwa kwa herufi kubwa. Nimekua nikiwaona akina mama wa Muheza wakijibizana hivyo kisimani bila kufungua mdomo. Mmoja anapita amejifunga neno lake, na wote wanalisoma, lakini ni mmoja tu anayejua limemlenga nani. Hakuna awezaye kumshitaki aliyevaa nguo. Hakuna saa iliyoandikwa pembeni.

Nikampigia.

"Shikamoo Mama. Mzigo nimepata."

"Marahaba mwanangu. Machungwa usiyaache kwenye kiroba, yatavunda."

"Nimeshayatoa. Na kanga nimeiona, Mama. Nimeisoma."

Alikaa kimya. Nilisikia kuku nyuma yake, na mjukuu anaomba simu.

"Nimependa rangi yake," akasema. "Nikasema nyekundu itakupendeza. Mtoto ameshapona kikohozi?"