Nilivyomkinga mbwa wangu na saratani, hapa Uru

Kuna saratani ambayo mbwa humwambukiza mwenzake. Daktari wa mifugo mjini Moshi aliponiambia hivyo nilimwomba arudie, kwa sababu saratani tunayoijua sisi watu haiambukizi. Hii ya mbwa, seli zenyewe za uvimbe huhama wakati wa kupandana, au kwa kulambana na kunusana, kisha zinaota pale zilipoangukia. Wataalamu waliochunguza vinasaba vyake wamegundua kwamba yote ilianzia kwa mbwa mmoja tu, aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita.

Ilimpata mbwa tuliyemrithi pamoja na kihamba, yaani shamba la ukoo; jike wa kienyeji. Alikuwa anadondosha damu nyuma hata joto lake, yaani siku za kutaka dume, likiwa limepita, na daktari alipomkagua akakuta kinyama laini kama koliflawa. Alichomwa vinkristini, dawa ya saratani, kwenye mshipa, mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, akapona kabisa. Ikiwahiwa, saratani hii husikia dawa. Ila dawa yenyewe ni kali: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kipindi chote hicho tulivaa glovu kusafisha mkojo na kinyesi chake.

Baadaye alizaa, nikabaki na mtoto wake Popi. Huyu nilimpeleka kufungwa kizazi, yaani kuondolewa ovari kwa upasuaji, kabla hajaingia kwenye joto la kwanza. Huku kwetu mbwa hufunguliwa usiku, wanazurura migombani, na jike akiwa kwenye joto madume yanatoka hadi vijiji vya jirani. Aliyefungwa haingii joto, na asipopandwa, mlango mkubwa wa saratani ile umefungwa. Na kuna faida ya pili, ya maziwa, yaani matiti yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1969 ulionyesha kuwa jike aliyefungwa kabla ya joto la kwanza hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari ya uvimbe wa maziwa, ikilinganishwa na yule ambaye hakufungwa. Akifungwa baada ya joto la kwanza ni asilimia 8, baada ya la pili ni 26. Kwa hiyo muda ni jambo kubwa hapa.

Mzee jirani alinisimamisha njiani: "Mangi, mbwa asiyezaa atalinda nini?" Nilimjibu kwa heshima kwamba anayelinda ni pua na masikio. Popi anabweka usiku kuliko hata mama yake. Kidonda cha upasuaji tulikifunika kwa fulana ya zamani ya mtoto, miguu ya mbele ikipita kwenye mikono, asilambe nyuzi. Akalala stoo mpaka kikafunga.

Mwenye mbwa wa mbegu kubwa, kama German shepherd au Rottweiler, azungumze kwanza na daktari juu ya umri. Hao wakifungwa mapema sana wanaweza kupata matatizo ya viungo, na kwa Rottweiler saratani ya mifupa imeonekana zaidi.

Chakula nacho nilikibadilisha. Pumba na mahindi yaliyoota ukungu, yale watu wanasema "ya mbwa", simpi tena. Sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu huo, huharibu ini la mbwa, na kwa binadamu inajulikana kusababisha saratani ya ini. Kuisonga ugali hakuiondoi, maana moto wa jikoni hauitoshi. Popi anakula ugali wa unga tunaokula sisi, na dagaa wa soko la Mbuyuni, kwa kiasi, asinenepe.

Kila mwanzo wa mwezi namlaza ubavu nampapasa maziwa yote, naangalia mdomoni, chini ya mkia, na puani, kwa kuwa ile ya kuambukizana inaweza kuingia hata kwa kunusa. Damu ya pua isiyokoma, au kivimbe hata cha ukubwa wa punje ya harage, sisubiri kikue. Tunashuka naye mjini kesho yake asubuhi.