Msimbazi ulivyonitoa jasho kwenye laptopu

"Modeli ikikugomea, ongeza mnato wa msukosuko mpaka itulie." Ushauri huo nilipewa na mkubwa mmoja wa fani nilipokuwa naunda modeli ya kompyuta ya mafuriko ya Mto Msimbazi, Dar; mnato huo ni namba inayosema mizunguko ya maji inapunguza kasi kiasi gani. Nami kwa utiifu wangu nikaufuata. Ikatulia kweli. Msimbazi ukawa unatiririka kama uji wa mgonjwa, hata nyuma ya nguzo za daraja maji hayazunguki.

Kumbe kosa lilikuwa dogo. Seli zangu, yaani vipande vya mto ndani ya modeli, zilikuwa za mita 5, na hatua ya muda, yaani hesabu inaruka mbele kiasi gani kila mara, sekunde 10. Maji ya kasi ya mita 2 kwa sekunde yanaruka seli nne kwa mpigo, hesabu hupasuka kirahisi. Nikashusha hadi sekunde 2, mnato nikaurudisha. HEC-RAS, programu niliyotumia, ni ya bure, gharama ni umeme na bando. Feni ya chumbani niliielekezea laptopu usiku kucha, mimi nikalala na joto langu la Dar.

Sasa mafuriko ya modeli yakawa pungufu pale Jangwani, karibu mita nzima chini ya alama za tope zilizoachwa ukutani na mafuriko ya kweli. Mkubwa yuleyule: "Pandisha Manning," yaani namba ya jinsi kitanda cha mto kinavyokwaruza maji. Nikaitoa 0.035 hadi 0.09, kana kwamba mto mzima ni kichaka. Kina kikafika, ila maji yakachelewa saa kadhaa.

Aliyeniokoa ni mama muuza vitumbua. Ananionyesha mstari wa tope juu ya dirisha lake, mara akaguna: "Mwanangu, siku ile ilikuwa bamvua. Maji ya mto yangepata wapi pa kutokea?"

Niliona aibu. Pale Daraja la Selander, mto unapoingia baharini, nilikuwa nimeiwekea bahari kimo kimoja tu, kama ndoo, wakati bamvua la Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3! Nikaingiza majedwali ya maji kujaa na kupwa, Manning ikarudi 0.035, na tofauti na ule mstari ikabaki kama kiganja.

Kasi niliihakiki kiangazi kwa machungwa ya buku mbili. Unapima mita 20 ukingoni, unatupa chungwa, unashika saa ya simu. Langu la kwanza lilitumia sekunde 31. Ukigawa 20 kwa 31, kisha ukazidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unapata kama mita 0.55 kwa sekunde. Vijana wa darajani wakaniuliza natoa kafara ya nini. La nne lilinasa kwenye kiroba, hilo sikulihesabu.