Fungu la Waliokaa Penye Vyombo

Somo: 1 Samweli 30:9-25

Wapendwa katika Bwana,

Daudi alitoka na watu 600 kuwafuatia Waamaleki. Kufika kijito cha Besori, 200 walikuwa hoi, hawakuweza kuvuka, wakabaki na mizigo. Waliovuka waliporudi na nyara, wengine wakataka hawa wasipewe kitu. Daudi akakataa, akaifanya amri katika Israeli: aliyeshuka vitani na aliyekaa penye vyombo watagawana sawasawa.

Juma hili tuisome amri hiyo tukiwakumbuka wanahewa watano wa Kanada. Tarehe 6 Julai 1942 ndege yao ya mabomu, Wellington namba R1465 ya kikosi cha mafunzo namba 22 cha Wellesbourne Mountford, Uingereza, iligonga mlima Waun Rydd huko Wales. Wote walikufa. Hakuna adui aliyewafyatulia risasi.

Ajali za mafunzo kwenye milima zilikuwa na sababu zake. Mwongoza njia alikokotoa mahali walipo kwa mwelekeo, mwendo, muda na upepo uliotabiriwa kabla ya kuruka. Upepo ukikosewa kwa maili 20 kwa saa, baada ya saa mbili ndege imepotoka maili 40, na juu ya mawingu huoni mto wala reli ya kukusahihisha. Altimita, kipimo cha kimo cha ndege, nayo hupima kanieneo ya hewa, haiioni ardhi. Ikirekebishwa uwanjani, kisha kanieneo ishuke milibari 10 njiani, itaonyesha karibu futi 300 zaidi ya kimo halisi. Rubani hushuka chini ya wingu kutafuta alama, akidhani yuko juu ya bonde. Waun Rydd una futi zaidi ya 2,500. Na ndege za mafunzo mara nyingi zilikuwa zimekwisha kuchakaa vitani. Injini moja ikizima, kubaki na kimo kulikuwa kazi ngumu.

Kamandi ya Mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573, na zaidi ya 8,000 kati yao walikufa mafunzoni na katika ajali nyingine. Ukimwambia mama kwamba mwanawe hakufia vitani, umempunguzia uchungu gani?

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina kanuni ya kuwapa wote jiwe la namna moja, jenerali na kuruta. Lakini wapagazi wa Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wabeba vyombo hasa, ambao kikosi chao ndicho kiliipa Kariakoo jina, hawakutendewa hivyo. Maelfu hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume yenyewe iliomba radhi, na ilistahili kuomba.

Tuombe. Bwana, unawajua walioanguka Waun Rydd na waliolala bila jiwe njia ya Rufiji. Uwashike leo wanaojifunza kurusha ndege, walimu wao, na mafundi wanaokagua injini usiku. Amina.