Mbwa waliotetemeka kila asubuhi: kilichowatuliza

Ninasimamia kituo cha kulea mbwa mchana hapa Nairobi, wenyewe wakiwa kazini. Baadhi yao walikuwa wakiachwa tu wanatetemeka, wanasusa chakula, wanabweka mpaka sauti inakauka. Tuliongeza vichezeo, tukarefusha matembezi. Wapi!

Nafuu ilianza tulipowafunza wahudumu kuusoma mwili wa mbwa kabla ya kumgusa: anapiga miayo bila usingizi, anajilamba pua, anageuza uso, amefyata mkia. Na mkia kutikisika si furaha kila mara. Ukiwa umesimama na kukakamaa, mpe nafasi. Kisha unachutama ukimpa ubavu, humkazii macho, unamngoja aje mwenyewe.

Lakini kilicholeta tofauti hasa ni mkono. Mkune kifuani, si utosini, kwa sekunde 3 hivi, halafu uondoe mkono na utulie. Akikusogelea, endelea. Akiganda au akigeuka, mwache. Huko kusubiri ndiko wahudumu walikoona kugumu zaidi, kwa sababu mtu mwenye huruma hutamani kuendelea kubembeleza.

Wale waoga kabisa hupokewa na mhudumu yuleyule kila asubuhi. Sasa wanakula.