Fungu halivunjwi: nilivyoelewa kusawazisha milinganyo ya kemia

Nilipokuwa S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, hapa Busia, upande wa Uganda, nilipata sifuri kati ya kumi kwenye zoezi la kusawazisha milinganyo ya kemia, yaani kufanya idadi ya kila atomu iwe sawa pande zote mbili za mshale. Daftari lilirudi na mikwaju ya wino mwekundu toka juu hadi chini, na hapakuwa na neno hata moja la kunieleza nimekosea wapi. Niliumia sana, maana zoezi lile nililifanya mpaka saa tano usiku, na nilikuwa na hakika nimepata yote.

Ilichukua muda kugundua kwamba kosa langu lilianzia kwenye neno. Shuleni tunasomeshwa kwa Kiingereza, na mwalimu alituambia tutafute balansi ya mlinganyo. Balansi mimi naijua tangu utotoni. Mama anauza nyanya na vitunguu sokoni, na nikitoka shule nilikuwa namsaidia kibandani. Mteja akitoa noti ya elfu tano kwa vitu vya elfu tatu, zile elfu mbili anazorudishiwa ndizo balansi. Kwa hiyo na kwenye kemia nikawa natafuta kilichobaki. Nikiona oksijeni mbili kushoto mwa mshale na moja tu kulia, nasema moja imebaki, naibandika kule inakopungua. Nikaandika hivi:

H₂ + O₂ → H₂O₂

Ukihesabu, inatimia. Haidrojeni mbili huku na mbili kule, oksijeni mbili huku na mbili kule. Lakini swali lilikuwa linataka maji, H₂O.

Aliyenifungua macho ni mama mdogo, ambaye ana duka la dawa. Alilisoma lile daftari akiwa amesimama, kisha akashusha chupa ya kahawia kutoka rafuni. "Mwanangu, ulichoandika ni hiki hapa. Haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuoshea kidonda. Utaweza kuinywa?" Nilikuwa na mchubuko gotini. Akadondosha matone mawili, povu jeupe likachemka juu ya ngozi huku linawasha. Nilitazama povu lile nikaelewa jambo ambalo ubao haukunielewesha: ile namba ndogo ya chini ni mwili wa kitu chenyewe. Ukiigusa, hukusawazisha chochote, umeleta kitu kingine.

Basi ninachoruhusiwa kugusa ni nini? Hilo nililipata kwa mama, na wala hakujua kwamba ananifundisha. Mteja alikuja akitaka nyanya sita. Mafungu yetu yalikuwa ya nyanya nne nne. Akaanza kuchomoa mbili kutoka fungu la pili, mama akamshika mkono kwa upole: "Dada, fungu halivunjwi. Chukua mawili mazima."

Nilisimama pale na mfuko mkononi. Oksijeni ya hewani inakuja kwa mafungu ya atomu mbili mbili, ndiyo maana tunaandika O₂. Ukihitaji moja, huandiki nusu ya fungu. Unachukua fungu zima, halafu unatafuta kazi ya ile ya pili. Namba kubwa ya mbele inasema ni mafungu mangapi, namba ndogo ya chini inasema ndani ya fungu mna ngapi. Ya mbele ni yangu, naipanga nitakavyo. Ya chini si yangu. Jioni ile nilirudia swali langu nikapata 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Oksijeni ya pili imetengeneza maji ya pili, na haidrojeni imeongezwa ili itoshe.

Mlinganyo ulionipa imani ni ule wa kutu. Bati la kibanda chetu lilikuwa limeliwa kwenye pembe, na nilitaka kujua limeliwaje. Tukiacha maji yanayojichanganya na kutu, inaandikwa Fe + O₂ → Fe₂O₃. Kushoto oksijeni ziko kwa mafungu ya mbili, kulia kwa mafungu ya tatu. Nilihesabu kama mtu anayepanga bidhaa: mbili, nne, sita; kisha tatu, sita. Zinakutana kwenye sita. Basi mafungu matatu huku, mawili kule. Sasa kulia kuna atomu nne za chuma, nami naandika 4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃. Niliikagua mara tatu, kwa furaha tu.

Kuna kitu nilikuwa nakiamini bila kukielewa, kwamba vitu haviongezeki wala havipotei. Mfaransa Antoine Lavoisier alilionyesha hilo katika karne ya 18 kwa kupima uzito wa vitu ndani ya vyombo vilivyofungwa, kabla na baada ya kuvichoma. Mimi mfano wangu ni wa jirani, Tororo, kwenye mawe ya chokaa yanayotengenezewa saruji. Jiwe likichomwa kwa moto mkali, CaCO₃ → CaO + CO₂. Gramu 100 za jiwe hilo likiwa safi hukuachia gramu 56 tu za chokaa. Ukitazama utasema 44 zimepotea, kumbe zimepanda hewani zikiwa gesi. Halafu angalia huo mlinganyo: umeshasawazika wenyewe, hauhitaji namba yoyote. Wanafunzi wengi hulazimisha kuandika namba kwa sababu wamezoea kwamba lazima iwepo. Hesabu kwanza.

Sasa wakati wa likizo nakaa na watoto wa S.1 na S.2 nyuma ya kibanda. Kitu cha kwanza ninachowaambia ni kwamba balansi ya kemia si chenji. Kisha wanaandika chini ya kila upande idadi ya kila atomu, kwa penseli, na kila namba ya mbele ikibadilika wanafuta na kuhesabu upya. Kundi la atomu kama SO₄ (salfeti) likionekana zima pande zote mbili, tunalihesabu kama fungu moja. Haidrojeni tunaiacha nyuma, na oksijeni ikiwa peke yake kama O₂ tunaifanya ya mwisho kabisa, kwa sababu kuibadilisha hakuharibu kitu kingine.

Wiki iliyopita niliwapa butani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mtungi wa kupikia: C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Binti mmoja wa S.2, mkimya, akaweka 4 mbele ya CO₂ na 5 mbele ya maji. Akahesabu oksijeni za kulia: nane, na tano, kumi na tatu. Akasita. Kumi na tatu haligawanyiki kwa mbili. Mwenzake akamwambia aandike sita na nusu. Alitikisa kichwa, akatazama meza ya mama, akafuta namba zote za mbele na kuanza upya kwa kuzidisha kila kitu mara mbili:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

"Fungu halivunjwi," akasema, akavuta swali linalofuata.